Moshi wa bluu baada ya kufunga turbo

Umefunga turbo (kifaa cha kusukuma hewa kwenye injini) na gari linatoa moshi wa bluu? Usikimbilie kununua turbo nyingine, kagua kwanza mpira wa kurudisha oili kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini. Oili hutoka kwenye turbo kwa uzito wake tu, haisukumwi na pampu, tena hutoka imejaa povu. Kwa hiyo mpira uwe mpana, kama milimita 16 kwa ndani, uteremke bila kubonyea popote, na uingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Ukiingia chini ya hapo oili hukwama, hujaa kwenye turbo na kupenya kwenye sili za shafti, kisha huungua na kutoa moshi huo wa bluu. Nimefungua turbo nyingi zilizolaumiwa bure, sili zake nzima kabisa. Ila kama turbo yako ni ya beringi za gololi, angalia pia presha ya oili inayoingia. Hizo kwa kawaida huhitaji kizuizi chenye tundu dogo cha kuipunguza.