Mshindi hupatikana jimboni, si nchi nzima

Swali lenu la wiki hii: inakuwaje mgombea urais wa Marekani azidiwe kura na bado aapishwe?

Ni kwa sababu kura za nchi nzima hazijumlishwi kumpata mshindi. Mwananchi anapochagua jina la mgombea, kisheria anachagua wajumbe wa jimbo lake, na hao ndio humchagua rais. Wako 538. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi, ukiongeza maseneta wake wawili. California ina 54, Wyoming 3, na mji mkuu Washington, ambao si jimbo, una 3. Anayefikisha 270 ameshinda.

Wengi huwalaumu wale wawili wa useneta, kwamba wanayabeba majimbo madogo. Lawama hiyo ina ukweli nusu. Mwaka 2016 Trump alishinda majimbo 30 na wajumbe 306; Clinton, aliyemzidi kwa kura karibu milioni 2.9, alipata 232. (Wajumbe wachache waligeuka siku ya kupiga kura zao, lakini matokeo hayakubadilika.) Ondoeni wawili kila mahali: Trump anabaki na 246, Clinton 190. Palepale! Mwaka 2000 ndipo hesabu hiyo ingempa Gore, aliyeshindwa na Bush, ushindi wa 225 kwa 211.

Kwangu, tatizo kubwa zaidi ni kwamba majimbo 48 humpa aliyeongoza wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura moja. Florida, mwaka huohuo wa 2000, Bush alimpita Gore kwa kura 537 kati ya karibu milioni 6, akakomba wajumbe wote 25. Na Katiba haikuagiza hivyo. Imeyaachia mabunge ya majimbo yaamue. Maine na Nebraska zimeamua tofauti: wajumbe wawili kwa mshindi wa jimbo zima, wengine mmoja mmoja kwa kila eneo la ubunge. Nayo si dawa kamili, kwani mipaka ya maeneo hayo mara nyingi huchorwa na wanasiasa wenyewe.

Wajumbe hawakutani pamoja hata siku moja. Mwezi Desemba kila kundi hupiga kura jimboni kwake, na Januari 6 Bunge la Marekani huzihesabu. Tangu sheria ya 2022, pingamizi halisikilizwi mpaka liungwe mkono na moja ya tano ya kila baraza. Zamani walitosha mbunge mmoja na seneta mmoja.

Asipopatikana wa 270, Baraza la Wawakilishi huchagua rais, kila jimbo kura moja, na zinatakiwa 26. Hapo Wyoming yenye mbunge mmoja inalingana na California yenye 52. Mwaka 2020 hali hiyo ilikuwa karibu mno: Arizona, Georgia na Wisconsin kwa pamoja, Biden aliongoza kwa kura zisizofika 43,000. Angeyakosa matatu hayo, wangetoka 269 kwa 269, huku nchi nzima akiwa amemzidi Trump kwa zaidi ya kura milioni 7.