Maswali na majibu: Waacholi si Kony peke yake

Tangu tuguse vita vya kaskazini mwa Uganda, maswali kuhusu Waacholi, kabila la huko, yamemiminika, mengi yakimhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA. Leo huyo namweka kando.

Obote na mwanariadha Akii-Bua, si Waacholi hao?

Hapana. Wote wawili ni Walango, majirani zao.

Nasikia Mwacholi ndiye aliyemfichua Amin bungeni mwaka 1966. Ni nani huyo?

Daudi Ocheng, na kwangu mimi ndiye aliyesahaulika isivyo haki kuliko wote. Alisoma King's College Budo pamoja na Mutesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, wakawa marafiki wa kufa na kuzikana, na Mwacholi huyu akaishia kuwa mbunge wa Kabaka Yekka, chama cha kutetea ufalme wa Buganda! Tarehe 4 Februari 1966, Waziri Mkuu Obote akiwa ziarani kaskazini, Ocheng alisimama bungeni na habari za akaunti ya benki ya Kanali Idi Amin. Akataka Amin asimamishwe kazi, achunguzwe kuhusu dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo. Hata Obote mwenyewe, Ocheng alimtaja kuwa mhusika. Hoja ilipita, mbunge mmoja tu akipinga.

Kabla mwezi haujaisha, Obote alikuwa amewakamata mawaziri watano kikaoni na kusitisha katiba. Mei, jeshi likavamia kasri la Mutesa huko Mengo, likiongozwa na nani? Amin yuleyule. Ocheng alifariki kwa maradhi mwaka huohuo.

Kwa nini 16 Februari ni sikukuu Uganda?

Ni siku aliyouawa Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwacholi aliyeongoza Kanisa Anglikana la Uganda, mwaka 1977. Siku chache kabla, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua kulalamikia mauaji na watu kupotea. Serikali ilitangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari. Walioona mwili walisema una matundu ya risasi. Kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa kando ya lile la Askofu Hannington, aliyeuawa mwaka 1885, lakini mwili haukuletwa. Ulipelekwa moja kwa moja Mucwini, kijijini kwao Kitgum.

Pamoja naye waliuawa mawaziri wawili, mmoja wao Mwacholi mwenzake, Erinayo Oryema, aliyewahi kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza polisi ya Uganda. Mwanawe Geoffrey alivushwa mpaka wa Kenya akiwa amefichwa kwenye buti la gari. Baadaye Ufaransa ilimjua kama mwanamuziki mkubwa.

Kweli mshairi Okot p'Bitek alicheza kandanda?

Kweli kabisa. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya Uganda, iliyokuwa ikicheza peku, naye akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha Oxford. Wimbo wa Lawino, shairi lake refu, aliutunga kwa Kiacholi kwanza. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiingereza ilichapwa Nairobi mwaka 1966.

Waacholi wamewahi kutoa rais?

Mmoja, au wawili ukiwa mkarimu. Bazilio Olara-Okello alimpindua Obote, aliyekuwa amerudi madarakani baada ya Amin, 27 Julai 1985, na siku mbili baadaye kiti akakalia Jenerali Tito Okello (si ndugu, majina tu). Watanzania wa umri fulani watamkumbuka Tito: mwaka 1979 aliwaongoza wapiganaji wa Uganda walioingia Kampala bega kwa bega na JWTZ. Urais ulimshinda. Desemba alitia saini mapatano ya amani na Museveni, kiongozi wa waasi, jijini Nairobi, mbele ya Rais Moi, na 26 Januari 1986 Museveni akaichukua Kampala.