Maswali ya Wasomaji: Uzazi na Usalama Ukiwa Umekimbia Vita

Swali: Nilibakwa njiani tulipokuwa tukikimbia mapigano. Leo ni siku ya nne. Kwenye zahanati ya kambi nimeambiwa nilete kwanza barua ya polisi. Je, nimeshachelewa?

Jibu: Pole sana, dada. Kosa si lako hata chembe. Rudi leo hii, usingoje kesho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: matibabu hayasubiri barua ya polisi, na hutibiwa hata yule asiyetaka kushtaki. Wakikuzungusha, mwombe mkunga au mhudumu wa masuala ya ukatili wa kijinsia akusindikize.

Kila dawa ina muda wake. Dawa za kukinga VVU, zile zinazoitwa PEP, huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Kwako huenda muda huo umeshapita, na inatuuma kukuambia. Ndiyo maana kumrudisha mtu kwa ajili ya karatasi ni kosa kubwa. Lakini mimba bado inaweza kuzuiwa hadi saa 120, yaani siku tano. Kidonge cha dharura ni levonogestreli miligramu 1.5, mara moja tu. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita, meza kingine. Kinapungua nguvu kadiri unavyochelewa, kwa hiyo uliza pia kama wana kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, ambacho ni imara zaidi. Dai vilevile dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B, na ya pepopunda kama una jeraha. Pima VVU sasa, kisha baada ya wiki 6 na miezi 3.

Una haki ya kukataa sehemu yoyote ya uchunguzi na bado ukapewa dawa. Kabla hujasimulia, muulize mhudumu: "Nikikueleza, sheria inakulazimisha kumwarifu nani?" Kama nguo ulizovaa siku ile hujazifua na huenda utashtaki, zitie kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hufungia unyevu, nguo zikaota ukungu na ushahidi ukaharibika.

Swali: Nina mimba ya miezi minane na huenda tukahama tena. Nibebe nini nikipatwa na uchungu njiani?

Jibu: Mama, omba mfuko wa kujifungulia mapema, wajawazito waliohamishwa hugawiwa. Ndani huwa na shuka la plastiki, sabuni, glavu, nyuzi za kufungia kitovu, wembe mpya na kitambaa cha mtoto. Wembe usifunguliwe hadi wakati wa kukata.

Mtoto akitoka, mfuteni akauke, mlazeni kifuani pako, ngozi kwa ngozi. Subirini dakika moja hadi tatu, fungeni kitovu sehemu mbili, mkate katikati ya nyuzi. Kisha kiacheni kikavu: majivu au kinyesi cha ng'ombe huingiza pepopunda. Kondo la nyuma lisivutwe.

Mfuko huo huzuia uchafu, hauzuii damu kumwagika. Tafuteni usafiri wa hospitali mara moja ikiwa kitambaa kinalowa chapachapa chini ya dakika 5, kondo halijatoka baada ya saa moja, uchungu umezidi saa 12, au kuna degedege, homa, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu. Wakati mko salama, kubalianeni ni nani atakayekupeleka usiku na nani atabaki na watoto.

Swali: Sindano yangu ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu imepita wiki tatu, na kadi iliungua. Nianze upya?

Jibu: Hapana. Sindano hiyo inaweza kuchelewa hadi wiki 4 na bado ukachomwa bila kipimo cha ziada. Kadi si sharti. Taja tarehe unayoikumbuka. Ikizidi wiki 4, mhudumu atahakikisha kwanza huna mimba, nawe utumie kondomu siku 7 baada ya kuchomwa. Kama safari bado ni ndefu, uliza kuhusu kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kwani hukaa miaka mitatu hadi mitano bila kukulazimu kurudi zahanati.