Hatamu si hatima, wala si "ha-tamu"

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kidato cha pili. Tulikuta "kushika hatamu za uongozi" kwenye ufahamu, wanafunzi wakauliza hatamu ni nini. Nikawaambia ni kamba ya kumwongozea farasi. Mwenzangu akanipinga: eti hatamu ni ndugu wa hatima, kwa hiyo anayeshika hatamu ameshika hatima ya wananchi. Kwenye kundi letu la WhatsApp mwingine akaja na yake: "ha-tamu", yaani madaraka si matamu. Nani yuko sahihi? Na je, hatamu na lijamu ni kitu kimoja? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Uliye sahihi ni wewe, mwalimu, na ningeweza kuishia hapo. Siishii kwa sababu hii ya "hatamu ni hatima" huniletea kazi kila nikishika mswada, tena kwa watu waliosoma, na kila ikija imetiwa nakshi mpya.

Ya "ha-tamu" tuicheke tuiache. Ha- ya ukanushi hukaa na kitenzi: hasomi, hataki, hatujui. Embe bichi si tamu, na hakuna muuza embe hata mmoja atakayekwambia kwamba embe lake "hatamu". Aliyeileta kwenye kundi anaijua sarufi hiyo vizuri sana, ila utamu wa hadithi umemzidi.

Ya hatima ndiyo yenye sumu, maana ina sura ya elimu. Kiarabu kina te mbili. Aliyepita chuo cha Kurani akachapwa kwa ajili ya herufi anazikumbuka: kuna te nyepesi, ulimi unagusa meno tu, na kuna twa nzito, inayojaza kinywa. Hatima, hitimu, hitimisho, na hitima tunayomsomea marehemu, zote zimetoka kwenye mzizi wa te, ambao maana yake ni kutia muhuri, kufunga, kumaliza. Barua ikishapigwa muhuri mambo yake yamekwisha. Ndiyo "khitamuhu misk", yaani muhuri wake ni miski, ya Suratul Mutaffifin katika Kurani, aya ya 26, na nashuku mwenzako amewahi kuisikia hiyo akadhani amekamata hatamu.

Hatamu ni ya twa. Mzizi wake ni khatwm, yaani pua na mdomo wa mnyama, ile sehemu ya uso inayotangulia mbele. Khitwamu ni kamba inayofungwa hapo puani, na kwa Waarabu mnyama wa khitwamu hasa ni ngamia. Maneno haya yalipoingia kwetu, kh ikawa h, na te na twa zikawa t moja. Nyumba mbili zikajikuta zinatokea mlango mmoja, na mpita njia akiona watu wanatoka humo anasema hao ni ukoo.

Kuhusu lijamu, si kitu kimoja ingawa hukaa pamoja. Lijamu ni kile chuma cha kinywani. Farasi ana pengo la ufizi kati ya meno ya mbele na magego, chuma hukaa hapo, ndiyo maana ukivuta kidogo tu anasikia. Hatamu ni ile kamba au ukanda unaofika mkononi mwa mpandaji, ijapokuwa kwa matumizi ya Kiswahili neno limetanuka likachukua vifaa vyote vya kichwani. Neno lijamu tumelipata kwa Waarabu, nao walilitoa Uajemi, kwenye lagam, na Mhindi naye anaye lagam wake. Halafu tunalo kigwe, neno letu wenyewe, mtoto wa ugwe: kamba nyembamba ya kusuka, ambayo nayo ikifungwa farasi huwa hatamu, na ikishonwa kwenye nguo huwa pambo. Kikuku kadhalika. Bibi harusi anacho mguuni, na mpanda farasi anatia mguu humo. Hakuna aliyewahi kuniandikia kuuliza kama farasi ni bibi harusi.

Sasa tazama neno lilivyosafiri. Farasi hawakuwahi kuwa wengi huku kwetu, kwa sababu ya mbung'o na maradhi mengine, wala ngamia hatunao isipokuwa kaskazini kwenye ukame. Kamba yenyewe basi haikuzoeleka, lakini sitiari ilishika. Katiba ilipobadilishwa mwaka 1975 TANU ikapewa mamlaka ya juu ya nchi, na CCM ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977 ikaurithi ukuu huo. "Chama kushika hatamu" likawa neno la kila mkutano na kila taarifa ya habari. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi na msemo wenyewe ukapoa, lakini hatamu ilikwishahamia serikalini moja kwa moja. Kenya nako, redio na magazeti hayamwapishi gavana bila kumkabidhi hatamu.

Nilipokuwa Lamu niliwahi kumfuata kijana aliyekuwa akiswaga punda wawili wenye mifuko ya mchanga, nikamwuliza ile kamba iliyomzunguka punda shingoni na puani anaiitaje. "Kamba," akasema. Nikamwuliza, na hatamu? Akaniangalia kwa huruma. "Hiyo ni ya rais, mzee."

Hakukosea. Kwa wasemaji wengi wa leo hiyo ndiyo maana ya kwanza, na kamusi yoyote inayoificha chini ya farasi inamdanganya msomaji. Kwa hiyo mtihanini usimnyime alama mwanafunzi aliyeandika "madaraka". Kamba ni asili ya msemo, madaraka ni maana yake hapo kwenye ufahamu. Mchoree farasi ubaoni, mtie kamba, maliza kazi.

Kinachonikera ni kwamba nasaba hizi za kubuni hazibaki kundini. Zinashuka kalamuni. Nimewahi kupokea mswada ulioandikwa "waziri mpya ameshika hatima za wizara". Ukiisoma kwa Kiswahili, wizara hiyo imekwisha. Na hata pale tahajia inapobaki sawa, wazo limeharibika: anayeshika hatamu anaongoza mnyama mwenye miguu yake mwenyewe, anayeweza kugoma, kupiga teke, kumbwaga aliye juu. Ukiigeuza kuwa hatima umempa kiongozi mwisho wa watu mfukoni mwake. Sijui mwenzako alikusudia kumpa kiongozi wake yote hayo.

Wafukua mizizi hawa wana mbinu moja tu: wanachukua maneno mawili yanayofanana, wanatunga kisa cha kuyaunganisha, wanamalizia na "wazee wetu walikuwa na hekima". Huulizwi herufi ya asili, huulizwi neno liliingia kwa njia gani, huulizwi lugha jirani zinalisemaje. Kazi yenyewe ni ya kuchosha: unafungua kamusi ya Kiarabu kwa mzizi, unaangalia te au twa, sini nyepesi au swadi nzito, unalinganisha na maneno mengine yaliyopita njia hiyohiyo, na mara nyingi unatoka bila kisa chochote cha kusimulia. Chukua hati ya hatimiliki. Hiyo ina twa kweli, lakini ni khatw, mwandiko. Si hatima wala si hatamu, na hapo ndipo mfukua mizizi angejenga ghorofa ya tatu.

Na wapo wa upande wa pili, wanaokubali asili halafu wanaigeuza sheria. Mmoja aliniandikia kwamba kwa kuwa hatamu ni ya ngamia, ni kosa kusema hatamu ya farasi. Kwa mizani hiyo tusingebaki na neno.

Juzi nimeletewa jipya: saruji ya kujengea eti imetokana na seruji, tandiko la farasi, kwa kuwa saruji "hutandikwa" juu ya tofali. Nikamjibu kwamba seruji ya farasi ni suruj, wingi wa sarj, kwa sini. Ile ya kujengea ni saruj ya swadi, na Oman hadi leo wanaijua: udongo uliochomwa ukasagwa, waliokuwa wakizibia mifereji yao ya maji kabla mfuko wa saruji haujajulikana. Nikamwekea na mizizi yote miwili, kwa maandishi ya Kiarabu.

Akajibu baada ya dakika mbili: "Lakini si zinafanana?"