Klorini ikivuja kiwandani, tukimbilie upande gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika kiwanda kinachotumia klorini kusafisha maji. Tumeagizwa kukimbia king'ora kikilia, lakini hatukuambiwa upande. Je, tushuke bondeni, liliko lango kuu?

JIBU: La, msishuke. Klorini ni nzito kuliko hewa takriban mara 2.5, kwa hiyo hutambaa chini na kutuama mitaroni, mashimoni na mabondeni, yaani palepale mnapodhani mtasalimika. Tazameni kwanza bendera au moshi mjue upepo unatoka wapi, kisha mkatishe upepo kwa ubavu hadi mtoke kwenye njia ya gesi, ndipo mpande mahali palipoinuka, upande unakotokea upepo. Iwapo wingu limekwisha kuwazibia njia, ingieni ndani, fungeni milango na madirisha, zimeni feni na viyoyozi, na mzibe nyufa kwa vitambaa vibichi. Linaloniumiza zaidi ni mfanyakazi anayerudi kumwokoa mwenzake bila kifaa cha kupumulia chenye mtungi wa hewa, akaishia kuanguka kando yake; kazi hiyo, hata iwe chungu namna gani, waachieni waokoaji wenye vifaa. Aliyerukiwa na kemikali yenyewe avuliwe nguo upesi na kuoshwa kwa maji mengi, macho yakitangulia.