Mimea hai kwenye tanki la goldfishi: inawezekana, ila chagua inayowashinda

Mkuu, kabla hujakimbilia mimea ya plastiki ngoja kwanza. Umesema ulipanda mimea kwenye changarawe jioni, asubuhi ukakuta mingine inaelea na mingine imebaki vijiti, na muuzaji akakwambia goldfishi na mimea hai haviendani. Hapo kwenye mwisho amekudanganya. Mimi niko Mwanza, nafuga goldfishi muda mrefu tu na tanki langu ni la kijani mwaka mzima, ila sio kila mmea unafaa na sio kila namna ya kupanda inafaa.

Kwanza umjue unayeishi naye. Goldfishi hana mfuko wa tumbo kama sisi, chakula kikipita kooni kinaenda moja kwa moja kwenye utumbo, ndo maana muda wote yuko kwenye msako hata kama umemlisha dakika kumi zilizopita. Meno yake yako kooni, sio mdomoni, kwa hiyo kitu laini anakinyonya ndani anakisaga, kitu kigumu anakionja anakitema. Halafu anachakura chini kama kuku, anabeba changarawe mdomoni anaitema, na mmea uliopandwa jana haujashika mizizi unang'oka hata bila yeye kuutaka. Kwa hiyo una matatizo mawili hapo, kuliwa na kung'olewa, na watu wengi wanayachanganya. Ile iliyokuwa inaelea ikiwa nzima haikuliwa mkuu, iling'olewa tu.

Sasa mmea unaotatua yote mawili kwa mpigo ni anubiasi. Jani lake ni gumu, nene, ukilikunja unalisikia linagoma, na samaki akilijaribu mara moja mbili anaachana nalo. Asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, Kamerun na Nigeria huko, ingawa unaoukuta dukani mara nyingi umekuzwa kwenye mashamba ya Asia au Ulaya kwa hiyo bei yake imechangamka. Wa pili ni ile jamii ya kangaga inayouzwa kwa jina la Java fern, nao una ladha wasiyoipenda. Yote miwili haitaki udongo, na hapa ndo watu wanaipoteza: ina shina nene linalotambaa kwa ulalo, mizizi inatoka chini na majani yanatoka juu, ukilifukia lile shina kwenye mchanga linaoza, linakuwa laini linanuka, majani yanadondoka moja moja na wewe unamlaumu samaki.

Mimi nafunga kwenye jiwe. Huku kwetu mawe hayanunuliwi, granaiti imejaa kila mahali na uzuri wake haibadilishi maji (chokaa na matumbawe ya pwani yanapandisha ugumu wa maji, goldfishi hajali sana ila ujue tu). Sugua jiwe kwa brashi bila sabuni, laza shina juu yake, zungusha uzi mweusi wa nailoni mara kadhaa ukipita katikati ya majani, usikaze hadi ukate shina. Ukiwa na haraka tumia supagluu ya kawaida, weka tone kwenye jiwe kavu, bonyeza mizizi sio shina zima, kisha chovya majini, inaganda papo hapo na kuacha doa jeupe ambalo mwani utalifunika baadaye. Mizizi ikishashika jiwe uzi hauna kazi tena, na samaki hata akiwa mkubwa kama kiganja hawezi kuhamisha jiwe la kilo mbili.

Ukitaka kitu kirefu cha nyuma ya tanki basi valisneria, yale majani kama utepe. Huu unataka mizizi ardhini kwa hiyo uwahi kuupanda kabla ya kuweka samaki, au ukichelewa panda kwenye kikopo cha udongo wa mfinyanzi, jaza mchanga, juu panga mawe makubwa kuliko mdomo wa samaki wako. Nasisitiza makubwa kuliko mdomo, maana changarawe ya saizi ya njegere inaweza kumkwama kooni. Wengine wanautafuna utafuna, ila ukishatulia unatoa machipukizi pembeni haraka kuliko wanavyoula.

Halafu kuna mimea ambayo unaiweka ukijua ni chakula. Azola ile ya wafuga kuku, na vile vijani vidogo vinavyoelea kwenye madimbwi, goldfishi wanavifagia. Mimi nakuza azola kwenye beseni nje, nawatupia kiganja kimoja kila baada ya siku chache, na siku nyingine mchicha uliochemshwa dakika moja au njegere iliyomenywa ganda. Aliyeshiba majani hasumbui sana bustani.

Sasa hili la kuokota mimea ziwani au kwenye mabwawa, naona kuna mdau kakushauri huko juu ni bure. Honiwoti, ule mmea laini usio na mizizi, ni kweli ziwa Victoria umejaa na ni mzuri sana kwenye tanki, lakini mkuu huku kwetu kuna kichocho na konokono wanaokibeba wanakaa humohumo kwenye majani. Vile vijidudu vyenyewe vikikosa mtu wa kumwingia vinakufa kama ndani ya siku mbili, tatizo ni konokono, ukimhamisha na mmea anaendelea kuvimwaga ndani ya tanki lako na wewe unaingiza mkono hadi kwenye kiwiko kusafisha filta. Kwa nini ujitafutie dawa za hospitali kwa sababu ya jani? Chukua mmea kwa mtu ambaye tayari anaukuza kwenye tanki lake. Hata huo uloweke kwenye maji ya shabu kwanza, kijiko kikubwa kwa lita nne hivi, siku nzima, konokono wa kawaida wanakufa, kisha suuza vizuri. Na ukipunguza mimea usiende kuimwaga ziwani, tupa kwenye mboji, tuna magugu maji ya kutosha tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Mbolea: USIWEKE mbolea ya dukani ya mahindi. Nimeona mtu anashauriwa urea kidogo, urea inageuka amonia na amonia ndo hiyohiyo inayoua samaki. Naitrojeni goldfishi wako anaitoa mwenyewe kwenye mashavu na kinyesi, ya kutosha na kubaki. Kinachopungukaga ni potasiamu na madini ya chuma, utaona majani ya zamani yanatoboka vitundu au mapya yanatoka ya njano, hapo tafuta mbolea ya majimaji ya akwariamu. Anubiasi na kangaga zinakwenda bila hata hiyo.

Taa usiikaze. LED nyeupe ya 6500K (namba ya rangi ya mwanga, yaani mweupe kama wa mchana) masaa nane inatosha, ukiwasha hadi usiku wa manane unafuga mwani juu ya majani ya anubiasi, yale yanakua polepole kwa hiyo mwani unayawahi. Mimi nayafuta kwa vidole kila nikibadilisha maji. Weka anubiasi upande wenye kivuli.

La mwisho, maana umesema uko Dar: mimea haichukui nafasi ya pampu ya hewa. Mchana inatoa oksijeni, usiku inaitumia pamoja na samaki. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7.5 tu, na joto la kwenu huko tanki linafika 30 bila kujitahidi. Umeme ukikatika usiku halafu tanki limejaa mimea na samaki wakubwa, asubuhi unawakuta juu wanahema. Nunua ile pampu ndogo ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukizima, na usijaze samaki. Hujasema tanki lako ni lita ngapi na goldfishi wako ni wale wembamba wa mkia mmoja au wale wanene wa mikia miwili, wembamba wana nguvu sana ya kung'oa na wanakua hadi sentimita 20 na kuzidi, kwa hao ningeachana kabisa na kupanda chini, kila kitu kwenye jiwe.