Muulize Fundi: Nina milioni 12 na nataka kujiundia gari

*Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa miaka 29, fundi wa kuchomelea hapa Igoma, Mwanza. Natengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Tangu nikiwa shule nina hamu ya kujiundia gari langu: dogo, la watu wawili, lisilo na paa, lenye pua ndefu, kama yale ya Uingereza yanayouzwa vipandevipande mtu akayaunge nyumbani kwake. Nimeweka akiba ya shilingi milioni 12. Chesisi nitaichomelea mwenyewe. Wiki iliyopita nilimpata mtu Nyakato anauza injini ya Altezza, ile ya nguvu za farasi 210, kwa milioni 3 na nusu. Anasema kuna mteja mwingine anaisubiri. Rafiki yangu mmoja ananishauri nichukue ya IST, mwingine anasema kwa gari dogo hata injini ya bodaboda inatosha. Je, niilipie hiyo ya Altezza kabla haijaondoka? Na hizi milioni 12 zitafika? Wabeja sana.*
*Msomaji, Igoma*

Marahaba mwanangu. Usiilipie. Huyo mteja mwingine aichukue kwa heri.

Nakujibu hivyo kwa sababu njia hiyo nimeipita. Mwaka 2004 nilikuwa na gereji pale Mabatini, nikaiona injini ya Toyota aina ya 4A-GE imekaa juu ya tairi kwenye duka la spea za mtumba. Ilikuwa safi, haivuji, ukiizungusha kwa mkono unasikia inabana vizuri. Nililipa siku ileile. Nilipoifikisha gereji nikaanza kuhesabu ambavyo havikuja nayo. Waya zilikatwa shingoni kabisa, kontroboksi, ile kompyuta ya injini, haikuwepo. Tena ilitoka kwenye gari la kuvuta kwa matairi ya mbele, na mimi nilikuwa natengeneza chesisi ya kusukuma kwa matairi ya nyuma. Giaboksi inayoingia kwenye injini hiyo kwa mpangilio wa nyuma ni ile ya Corolla AE86 ya miaka ya 1980. Niliitafuta Mwanza, nikaitafuta Dar es Salaam, nikatuma watu hadi Kampala. Injini ilikaa chini ya turubai miaka mitatu. Nilipoiuza sikurudisha hata nusu ya fedha yangu, na chesisi niliikatakata ikawa meza ya kazi.

Kwa hiyo nikuulize: huyo bwana wa Nyakato anakupa injini pamoja na giaboksi yake? Anakupa kontroboksi, waya zote mpaka soketi ya mwisho, pampu ya petroli, sehemu ya kuchomekea ufunguo na propela, ule mhimili wa kupeleka nguvu nyuma? Kama jibu ni "utapata tu", basi hiyo milioni 3 na nusu ni bei ya chuma. Mtu anayejiundia gari hachagui injini. Anachagua gari la kuchinja, yaani gari zima lililopata ajali au lililooza bodi, ambalo injini yake unaiwasha na kuisikiliza ikiwa bado ndani, unalitia gia, unalisogeza mbele na nyuma, ndipo unatoa fedha.

Hayo magari ya Uingereza unayoyasema mengi yanafuata umbo la Lotus Seven, ambayo Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, aliitoa mwaka 1957. Kule ilikuwa na maana kununua kwa vipande, kwa sababu kabla ya mwaka 1973 gari lililouzwa hivyo lilikwepa kodi ya mauzo iliyokuwa ikitozwa magari mazima. Lakini siri ya lile gari haikuwa injini. Injini zake zilikuwa za kawaida kabisa. Siri ilikuwa uzito: gari zima lilikuwa karibu kilo 500.

Chukua kalamu tupige hesabu. Altezza yenye farasi 210 ina uzito wa takriban kilo 1,350. Gawa, utapata kama farasi 155 kwa kila tani. Sasa chukua IST ya kizazi cha kwanza, ile yenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497. Inatoa takriban farasi 109. Ukiunda gari lako likawa kilo 700, na kwa fundi wa mara ya kwanza hizo ni kilo za kweli, utapata farasi 155 kwa tani. Ni sawasawa na Altezza. Ukijitahidi likawa 650, umeipita. Injini hiyohiyo inayopeleka watu sokoni Buzuruga itakufanya ushike usukani kwa mikono miwili. Angalia tu usije ukauziwa 2NZ ya cc 1,298 ukidhani ni 1NZ. Kwa nje zinafanana sana, soma namba iliyogongwa kwenye bloku.

Kumbuka pia kwamba hapa tuko juu. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa wembamba wa hewa hii. Ukisoma namba za kiwandani, zipunguze kichwani. Hilo linazipata injini zote tulizozitaja, kwa hiyo halibadilishi ushauri wangu, ila lisikushtue ukipanda kilima cha Bugando.

Ya bodaboda iache. Injini ya cc 150 inatoa kama farasi 12, na haina gia ya kurudi nyuma.

Tatizo la IST ni kwamba injini imekaa kwa kukingama upana wa gari na inavuta matairi ya mbele, nawe unataka pua ndefu. Hapa lazima ukubali jambo moja: gari lako litabadilika sura. Mzigo wote wa mbele wa IST, yaani injini, giaboksi, draivu shafti, na ile fremu ndogo inayoushikilia, unauhamishia nyuma ya viti. Toyota wenyewe walifanya hivyo mwaka 1984 na MR2: injini na giaboksi za familia ya Corolla ya kuvuta mbele ziliwekwa nyuma ya dereva, wakapata gari la michezo. Uweke mzigo huo ukitazama kulekule ulikokuwa ukitazama. Ukiugeuza kinyumenyume, utapata gia moja ya kwenda mbele na zote zilizobaki ni za kurudi nyuma. Nimeona fundi mzuri akifanya kosa hilo na akaligundua siku ya kuwasha.

Zile fimbo za usukani zilizokuwa kwenye magurudumu ya mzigo huo uzifunge imara kwenye chesisi, magurudumu ya nyuma yasijaribu kukata kona yenyewe. Mbele utahitaji miguu mingine, shokapu na mikono yake, kutoka kwenye Vitz au IST nyingine iliyokufa. Usukani wa lile gari la kuchinja utaingia hapohapo. Rejeta ibaki mbele inakopata upepo, na mabomba ya maji yapite chini ya sakafu kwenda nyuma. Weka tundu la kutolea hewa sehemu ya juu kabisa ya mabomba hayo. Hewa ikijifungia humo, injini itachemka wakati geji inaonyesha baridi, na hutajua mpaka gasketi ya kichwa imeungua.

Kama roho inakataa kabisa kuachana na pua ndefu, tafuta Toyota GX100, ile saluni kubwa, iliyooza bodi. Ina injini ya silinda sita zilizopangwa mstari, cc 1,988, inasukuma nyuma, na difu na miguu yake yote iko kamili. Ni gari zuri. Lakini injini hiyo ni ndefu na nzito, na kila kilo utakayoibeba itataka chuma zaidi ya kuishikilia, na chuma hicho nacho kina kilo zake. Kwa gari la kwanza, mimi ningekwenda na IST.

Sasa fedha. Nakugawia milioni 12 kama ningezigawa zangu. Bei za sokoni utazipigania mwenyewe. Gari la kuchinja lisizidi milioni 4, likiwa na kadi yake na hati ya mauziano. Chuma, vijiti vya kuchomelea, gesi na mawe ya grenda, milioni 1. Breki, bearing, mipira ya mikono na shokapu, milioni 1 na nusu, na kwenye breki hakuna cha mtumba: raba za silinda, mipira ya mafuta na padi ziwe mpya. Matairi manne mapya, laki 8. Umeme, rejeta, mabomba ya maji na ya petroli, milioni 1. Bodi, rangi, viti, mikanda, taa na kioo, milioni 1 na laki 2. Jumla ni milioni 9 na nusu. Zile milioni 2 na nusu zilizobaki usiziguse mpaka gari limesimama kwa magurudumu yake.

Utaniuliza za nini. Ni za nati, mwanangu. Nati, klipu, grisi, mafuta ya giaboksi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza yatavuja, kebo ya gia iliyopungua sentimita 40, nauli ya kwenda mjini kufuata sili moja ya mafuta. Watu hawaishiwi kwenye injini, wanaishiwa hapa, gari likiwa limekamilika sehemu tisa kati ya kumi, kisha linafunikwa turubai. Na kuna fedha ambayo wengi hawaihesabu: milango, taa, boneti, vioo na viti vya IST uliyoichinja. Hapa Mwanza vitu hivyo havikai wiki. Viuze taratibu, kila shilingi iandike kwenye daftari la gari, isiingie kwenye matumizi ya nyumbani.

Kuhusu chesisi, wewe ni fundi wa chuma na nakuheshimu, lakini mkono wa geti una mazoea mawili ya kuacha. La kwanza ni unene. Bomba za mraba za dirisha mara nyingi ni nyembamba. Kwa chesisi ya namna hii tumia milimita 25 kwa 25 zenye ukuta wa milimita 1.6, na pale miguu na injini vinaposhikwa weka bamba la milimita 3. La pili ni grenda. Kwenye geti unausaga mshono mpaka ukawa laini, mteja afurahi. Kwenye chesisi uuache na mgongo wake, maana huo mgongo ndio nguvu. Na kila mraba upitishie bomba la kukingama kona kwa kona. Mraba mtupu unapinda, pembetatu haipindi. Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, funga injini, kaa ndani, kanyaga pedali zote ukiwa umevaa viatu vyako vya kazi.

Na kabla ya yote hayo, hata kabla ya kuwasha grenda, chora gari lako kwenye karatasi lenye vipimo, uende nayo kwa mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani na ofisi ya TRA. Waulize watalisajili vipi, namba gani ya chesisi itatumika, na wanataka kuona nini siku ya ukaguzi. Andika majibu na tarehe. Sehemu ya IST iliyogongwa namba usiikate wala kuiuza mpaka umepata jibu hilo.

*Mzee wangu, mimi naunda boti za faiba hapa Nansio, Ukerewe. Mwenzangu ana chesisi tayari, anataka nimtengenezee bodi ya gari kama ninavyotengeneza boti. Inawezekana? Msomaji, Ukerewe*

Inawezekana, na utaifanya vizuri kuliko fundi wa magari, kwa sababu mold, yaani kalibu, unaijua. Tofauti ni kwamba boti hubeba mzigo kwa ngozi yake, bodi ya gari lenye chesisi yake haibebi kitu. Chesisi ndiyo inayobeba. Usiweke matabaka kama ya kupasua mawimbi: mawili au matatu ya mati ya faiba yanatosha, na kingo uzikunje kwa ndani zisitetemeke. Bawaba za milango na mikanda ya viti zishikwe na chuma, kamwe zisishikwe na faiba peke yake. Katalisti, ile dawa ya kugandisha rezini, usizidishe asilimia 2, na jua likiwa kali ishushe mpaka 1, la sivyo rezini itaganda kwenye ndoo kabla hujaipaka. Karibu na bomba la moshi acha nafasi ya vidole vinne na weka bati la kukinga joto. Na uvae kinyago. Kwenye boti unafanya kazi ufukweni upepo ukipita, lakini ndani ya bodi ya gari utakuwa umeinama kwenye mvuke ule kutwa nzima.